Hakunyimwa Mtu, Imenyimwa Pasipoti

Kijana wa Korogwe akirudi kutoka ubalozini Dar es Salaam mikono mitupu, hukumu inamsubiri stendi kabla hajashuka basi. Amejinyima mwenyewe. Hakujipanga. Taarifa yake ya benki ilikuwa nyepesi, barua ya mwaliko haikukaa sawa, kwenye mahojiano alibabaika na macho akayaangusha chini. Mawakala wa safari wanaieneza hukumu hii kwa sababu ndiyo mtaji wao: umekosa, rudi tukuandalie faili upya, lipia tena. Ndugu wanaikubali kwa kuwa inawapa mtu wa kumlaumu. Na wale waliowahi kufanikiwa wanaipenda kuliko wote, maana inawageuzia ule muhuri kuwa cheti cha akili na uaminifu wao.

Naipinga hukumu hiyo. Napinga pia ndugu yake mstaarabu zaidi, anayeonekana kwenye safu za magazeti na semina za vijana: kwamba dunia ya leo inamtazama mtu na si bendera, kwamba mwenye sifa, elimu na nyaraka safi hana mpaka. Mpaka kwanza husoma jalada la pasipoti. Ukishasoma jalada ndipo huamua kama mtu aliyeishika anastahili kusikilizwa, asikilizwe kwa muda gani, na kwa gharama ya nani.

Ushahidi wa jambo hili upo Handeni na Korogwe, wala hatuna haja ya kuufuata mbali. Kama kweli mpaka unampima mtu, basi watu wa asili moja, lugha moja na ukoo mmoja wangepimwa kwa kipimo kimoja popote walipo. Wazigua wa huku wamekwishafanyiwa jaribio hilo na historia, bila kuombwa ridhaa, na majibu yake yanajulikana.

Katika miaka ya 1830 njaa kali iliipiga nchi ya Uzigua. Watu walishuka pwani kutafuta chakula. Wapo waliojiweka rehani, na wapo waliorubuniwa kwamba kuna kazi na shibe ng'ambo; wakapakiwa majahazini, wakashushwa Barawa, Marka na Mogadishu, wakauzwa kulima mashamba ya bonde la mto Shebelle. Baadhi yao walitoroka. Simulizi zao zinamtaja mwanamke, Wanankhucha, aliyewaongoza kuelekea kusini kwa nia ya kurudi kwao. Hawakufika. Walisimama kwenye misitu ya bonde la mto Juba, wakafyeka, wakalima, wakajilinda dhidi ya waliotaka kuwarudisha utumwani, na kwa vizazi vingi wakaendelea kuzungumza Kizigua.

Sasa zitazame tarehe. Walipopandishwa majahazi hapakuwa na nchi iitwayo Tanganyika. Jina hilo Waingereza walianza kulitumia rasmi mwaka 1920. Hapakuwa na dola iitwayo Somalia. Hiyo ilizaliwa tarehe 1 Julai 1960. Hata mstari unaoanzia mdomo wa mto Umba na kutenganisha Tanzania na Kenya ulikuwa haujachorwa. Wajerumani na Waingereza walikubaliana juu yake mwaka 1886, Wazigua hawa wakiwa wamekwishazaa na kujukuu huko Juba. Hakuna hata mmoja wao aliyechagua kuwa Msomali, wala nduguye aliyebaki Handeni hakuchagua kuwa Mtanzania. Uraia uliwakuta mashambani wakilima.

Mwaka 1991 Somalia ilipovunjika, wakulima wale wa Juba walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuporwa. Walikuwa na chakula ghalani na hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwatetea. Wengi walikimbilia Kenya, kwenye kambi za Dadaab. Wengine walishuka kwa bahari hadi Tanzania na kuwekwa Mkuyu, wilayani Handeni, katika ardhi ambayo wazee wao walikuwa wakiitaja kwenye masimulizi. Waliobaki Dadaab nao waliomba kuja huku. Kulikuwa na mazungumzo. Lakini mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa takriban siku moja, na Tanzania ikajikuta imebeba mzigo ambao nchi tajiri zisingeubeba. Mlango wa Wazigua wa Dadaab ukafungwa. Niambie, ni nyaraka gani walikosea kuzijaza? Ni nani kati yao alibabaika kwenye mahojiano?

Ndipo Marekani ikaingia. Desemba 1999 iliwatambua Wabantu wa Somalia, Wazigua wa Juba wakiwamo, kuwa kundi la wakimbizi linalostahili kupewa makazi. Majina kama 12,000 yaliorodheshwa, watu wakahamishwa kwa mabasi kutoka Dadaab hadi kambi ya Kakuma mwaka 2002 ili wahojiwe, na Mei 2003 wa kwanza wakatua Marekani. Walitawanywa katika miji kadhaa, na baadaye wengi wakajikusanya katika mji mdogo wa Lewiston, jimbo la Maine. Huku kwetu, waliokuwa Mkuyu walihamishiwa makazi ya Chogo, humo humo Handeni, wakapewa ardhi. Na kufikia mwaka 2009 zaidi ya elfu moja kati yao walikuwa wamekwishapewa uraia wa Tanzania. Hilo ni jambo la heshima, na serikali yetu ilistahili kusifiwa kwa sauti kubwa kuliko ilivyosifiwa.

Kwa hiyo leo tuna watu wa asili moja chini ya pasipoti tatu. Tuwachukue mabinamu watatu wa mfano, wajukuu wa babu mmoja. Wa kwanza jina lake lilikuwamo kwenye orodha ya Kakuma. Yuko Lewiston na amekula kiapo cha uraia wa Marekani. Wa pili alifika Handeni. Ni Mtanzania wa Chogo. Wa tatu siku ya kuorodheshwa alikuwa amekwenda kutafuta kuni au dawa ya mtoto. Yuko Dadaab hadi leo, na kwenye karatasi ni Msomali. Mabinamu hawa nimewabuni, ila hali zao tatu zipo.

Shangazi yao afariki Handeni, na wa Lewiston atake kuja matangani. Anajaza fomu kwenye mtandao, analipa dola 100, anakuja. Hata akisahau kujaza, atalipia kaunta akitua uwanja wa ndege. Hakuna ofisa atakayemuuliza ana mke, ana mshahara, ana nyumba, au ana sababu gani ya kurudi Maine. Hakuna anayemshuku kwamba amekuja kuzamia Mkata.

Sasa geuza safari. Binamu wa Chogo atake kwenda Lewiston kwenye harusi ya mtoto wa nduguye. Anaanza na shilingi 150,000 za pasipoti, analipa dola 185 za maombi ambazo hazirudishwi hata akinyimwa, kisha anapanda basi hadi Dar es Salaam kusimama dirishani dakika chache. Tangu Oktoba 2025, Watanzania wamewekwa kwenye orodha ya wanaoweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000 kabla ya kupewa viza ya matembezi au biashara. Desemba mwaka huo huo Rais Donald Trump alisaini tangazo lililoiingiza Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamefungiwa kwa sehemu, zikiwamo viza za matembezi na za masomo, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Tangazo halikumtaja binamu wa Chogo. Halikuhitaji kumtaja.

Wa tatu hata pa kuanzia hana. Kutoka kambini tu anahitaji kibali. Januari 2017 Somalia iliwekwa kwenye orodha ya nchi saba zilizozuiwa Marekani, na Juni 2025 ikarudishwa kwenye orodha ya waliofungiwa kabisa. Na Tanzania, nchi ya babu zake? Kwa miaka mingi nasi tuliwaweka wenye pasipoti ya Somalia, pamoja na wenye hati za ukimbizi, kwenye kundi la viza ya rufaa, ile ambayo haitolewi mpaka makao makuu ya Uhamiaji yaridhie. Mmarekani mwenye jina lile lile, sura ile ile na Kizigua kile kile alipita kaunta. Huyu wa Dadaab alisubiri rufaa.

Anayesema kwamba mpaka unampima mtu anieleze mabinamu hawa wamezidiana nini. Tabia? Bidii? Macho makavu mbele ya ofisa? Kilichowatofautisha ni njia waliyokimbilia na orodha moja ya miaka ishirini na kitu iliyopita, na kila kilichofuata kimetoka humo. Watoto wao ndio wanaoumaliza ubishi. Aliyezaliwa Lewiston ni Mmarekani tangu pumzi ya kwanza, kwa marekebisho ya 14 ya katiba ya nchi ile, ya mwaka 1868. Aliyezaliwa Dadaab hana uraia wa Kenya kwa kuzaliwa pale, amezaliwa ukimbizini. Vichanga hawafanyi mahojiano.

Wenye hoja pinzani hawakosi la kusema, na baadhi ya wanayosema yana uzito. Tuyachukue moja moja.

La kwanza ni kwamba ubalozi unaangalia kila ombi kwa sifa zake. Wanaosema hivyo hawajaisoma sheria wanayoitetea. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952, fungu la 214(b), inamchukulia karibu kila mwombaji wa viza ya muda kuwa ni mhamiaji mpaka athibitishe vinginevyo. Mahakamani kwetu hata mwizi wa kuku huingia kizimbani akiwa hana hatia mpaka upande wa mashtaka uthibitishe. Dirishani mzigo huo anabebeshwa mwombaji. Wapo wasioubeba kamwe. Raia wa nchi zipatazo arobaini, nyingi za Ulaya, wanaingia kwa kibali cha mtandaoni bila kumwona ofisa wa ubalozi. Na nchi inaingiaje kwenye kundi hilo la bahati? Moja ya masharti ni kwamba raia wake walionyimwa viza za matembezi wawe chini ya asilimia 3. Yaani ukinyimwa sana utaendelea kuombeshwa, na ukiombeshwa utaendelea kunyimwa. Hapo sifa za mtu mmoja zimeingia wapi? Huo ni mzunguko wa nchi, na mtu anazungushwa ndani yake.

Ulaya hawana hata haya ya kulificha. Aprili 2024 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba maombi ya Waethiopia yashughulikiwe kwa siku 45 badala ya 15, na viza ya kuingia mara nyingi isitolewe kwa kawaida, kwa sababu serikali ya Addis Ababa haikutoa ushirikiano wa kutosha katika kuwapokea watu wake wanaorudishwa. Mwaka 2021 Gambia ilikuwa imekwishaonjeshwa dawa ya aina hiyo. Mwombaji wa Ethiopia mwenye mwaliko mkononi anaadhibiwa kwa ukaidi wa wizara. Hakukosea faili. Faili lake limetumiwa kama fimbo ya kumchapia mwingine.

La pili ni la wazamiaji. Wanasema: Watanzania wenyewe ndio waliotuharibia, waliopewa viza hawakurudi, leo tunavuna walichopanda. Hili lina ukweli ndani yake. Wapo waliozamia. Wapo waliojilipua Uingereza miaka ya 90 wakidai ni Wasomali au Warundi, wakapata hifadhi kwa utaifa wa kuazima. Lakini itazame hesabu yenyewe. Katika kuifungia Tanzania, Marekani ilitaja kuwa karibu asilimia 8 ya waliopewa viza za biashara na matembezi walipitiliza muda wao. Maana yake zaidi ya 90 katika kila 100 walirudi walivyoahidi. Hawa zaidi ya tisini, waliofanya kila wanachohubiriwa na mawakala, ndio leo wameambiwa wakae kwao pamoja na wale wanane. Kama kipimo kingekuwa ni mtu, uaminifu wao ungewafungulia mlango. Haukuwafungulia, kwa sababu uliandikwa kwenye pasipoti moja na uhalifu wa wengine.

Na waliojilipua wanatoa ushahidi kwa upande wangu. Kama utaifa haungekuwa na maana mpakani, kwa nini mtu wa Tanga au Unguja ajitwishe utaifa wa nchi iliyo vitani? Alifanya hivyo kwa kuwa alikuwa ameuelewa mfumo kuliko wanaomhubiria: kwamba dirishani hawamwoni yeye, wanaiona nchi, basi akabadili nchi.

La tatu ni kwamba mbona wenye fedha wanapata. Ni kweli, fedha hulainisha. Mfanyabiashara mwenye akaunti nono na mihuri ya Dubai na Guangzhou atasikilizwa kuliko mkulima. Ila jiulizeni ni nani anayeombwa fedha hizo zionekane. Kijana wa Denmark asiye na kazi, mwenye deni la chuo na begi la mgongoni, haulizwi salio lake kabla ya kukwea ndege ya kwenda New York. Utajiri unamsaidia Mtanzania kupunguza hasara ya pasipoti yake. Umaskini haumpunguzii Mdenmark faida ya pasipoti yake. Anayedhani hapo wamepimwa kwa mizani moja haoni kwamba mmoja hakupandishwa mizani kabisa.

Tena, hata hicho kinachoitwa uthibitisho wa kwamba utarudi, kimekatwa kwa vazi la watu wengine. Mfugaji wa Sindeni mwenye ng'ombe arobaini, mashamba ya mahindi, watoto saba, makaburi ya wazazi nyuma ya nyumba na deni la mahari lisiloisha, huyo ana kamba za kumrudisha nyumbani kuliko karani yeyote wa Dar es Salaam. Lakini ng'ombe hawatoi hati ya mshahara. Ardhi yake ni ya kimila, na hata akiwa amepata hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, karatasi ile haina uzito mbele ya ofisa anayetafuta barua ya mwajiri. Kwa hiyo mtu mwenye sababu nyingi za kurudi ndiye anayehesabiwa kuwa mwenye uwezekano mkubwa wa kupotea. Halafu tunamwambia hakujipanga.

La nne ndilo zito kuliko yote: kila nchi ina haki ya kulinda mlango wake. Sina ugomvi na haki hiyo. Sijasema watu wote waingie popote wapendapo. Ninachokataa ni kudanganywa juu ya namna mlango unavyolindwa. Mwenye nyumba akisema leo sipokei watu wa mtaa ule, nitamwelewa, hata kama nitamchukia. Akinitoza kiingilio, akanihoji juu ya ndoa yangu na mshahara wangu, akanirudisha, kisha akaniachia niamini kwamba kasoro ni yangu, huyo amenichukulia fedha na heshima kwa pamoja.

Na haki hiyo ya mlango ina historia yake, nayo Korogwe inaifahamu. Mkoloni alipohitaji mikono ya kukata mkonge, mipaka ililainika. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha shirika la kukusanya vibarua, SILABU, lililosomba manamba kutoka bara na kutoka Ruanda-Urundi. Wengine walivuka Ruvuma kwa miguu kutoka Msumbiji. Walipandishwa malori na treni, wakapewa kipande cha kazi, wakamwagwa kwenye mashamba ya Tanga na Korogwe. Hakuna aliyewauliza watarudi lini au wana salio gani. Wajukuu wao leo wako Hale, Magoma na Mnyuzi, Watanzania kama sisi. Dola zikimtaka mtu humfungulia kwa kundi. Zisipomtaka humfungia kwa kundi. Hata Wazigua wa Juba walifunguliwa hivyo mwaka 1999. Walihojiwa mmoja mmoja, ndiyo, lakini aliyewafikisha mbele ya mhoji ni jina la kundi, na jina la nchi yao ndilo lililowafungia ndugu waliobaki miaka kumi na minane baadaye. Hawakuwa wema zaidi mwaka 1999, wala waovu zaidi mwaka 2017.

Wapo watakaosema basi tutajirike, pasipoti itaheshimika yenyewe. Inawezekana, ila jibu hilo linatia saini kwenye hoja yangu. Kama dawa ni nchi kutajirika, basi ugonjwa ulikuwa wa nchi tangu mwanzo, na kijana wetu wa stendi alihukumiwa bure.

Sasa tugeukie kwetu, kwa kuwa malumbano yanayomwonea haya mwenyeji si malumbano. Barabara inayotoka Tanga kupitia Segera kuelekea Chalinze ni njia ya vijana wa Ethiopia wanaokwenda kutafuta maisha Afrika Kusini. Kila mara tunasikia wamekamatwa, wamefungiwa kwenye lori, wamejificha porini bila maji. Taarifa zetu huwaita wahamiaji haramu, zikatoa idadi, zikatoa uraia, basi. Hatuulizi ni nani miongoni mwao alikuwa fundi, ni nani mwalimu, ni nani alijaribu kwanza njia halali akaikuta imezibwa. Na mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu kule Kagera, walikumbwa hata watu waliokuwa wameishi Tanzania kwa miongo, wakatakiwa wathibitishe wasivyoweza kuthibitisha. Mzigo ule ule wa dirishani, safari hii tukiwa sisi ndio tuliokaa upande wa ndani wa kioo.

Hata humu ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo itifaki yake ya soko la pamoja ilianza kazi Julai 2010, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuvuka kati ya nchi zao tatu kwa kitambulisho cha taifa. Sisi tulikaa pembeni. Somalia imekuwa mwanachama kamili tangu Machi 2024. Kwa maandishi, binamu wa Dadaab ni mwenzetu wa Jumuiya. Tuna wajibu wa kuonyesha kwamba maandishi hayo yana kazi, hasa kwa watu ambao kosa lao pekee ni kwamba njaa iliwatoa Uzigua kabla ya ramani kuwakuta.

Ubaya wa hukumu ya stendi hauishii kwenye uongo wake. Unaharibu mambo matatu. Unamfilisi kijana, kwa kuwa anayeamini kosa ni lake atalipa ada ya pili na ya tatu, atanunua barua za bandia, ataazima fedha zikae benki wiki mbili zionekane, na akikamatwa na bandia hizo atakuwa amejifungia kweli mlango ambao awali ulifungwa na mwingine. Unaipumzisha serikali, kwa kuwa suala la diplomasia limegeuzwa kuwa suala la nidhamu ya mwombaji. Waziri hahitaji kueleza anajadiliana nini na Washington au Brussels ikiwa wananchi wenyewe wameridhika kwamba wananyimwa kwa uzembe wao. Na unatufanya tuwe wakatili kwa wanaotujia, maana anayeamini kwamba yeye alivuka kwa sifa zake ataamini pia kwamba Mhabeshi aliyekamatwa porini amekosa sifa.

Kwa hiyo madai yangu yawekwe wazi. Ada ya viza isiyotolewa irudishwe, walau sehemu yake, na serikali yetu ilidai hilo kwenye kila meza inayokaa na balozi hizo. Mnyimwaji apewe sababu inayohusu faili lake mwenyewe. Fungu la sheria lililopigwa muhuri kwa wote si sababu. Nchi inapofungiwa, Wizara ya Mambo ya Nje itangaze kwa Kiswahili, mapema, ili mtu asilipe dola 185 kugonga mlango uliokwishapigwa misumari. Mawakala wanaoahidi viza ya uhakika washughulikiwe kama matapeli wengine. Sisi nasi tuache kumfungia mtu kwa jina la nchi yake: tuwapokee ndugu zetu wa Juba kama wana-Jumuiya, kitambulisho cha taifa kitoshe kuvukia Horohoro na Holili, na anayekamatwa barabara ya Segera asikilizwe kabla ya kuhesabiwa.

Madai hayo hayatampa kijana wa Korogwe viza kesho asubuhi. Yatampa anachonyang'anywa leo, nacho ni haki ya kujua aliyemnyima ni nani. Mtu akishalijua hilo hatapeleka tena fedha yake kwa wakala. Ataipeleka hoja yake kwa mbunge, kwa wizara na kwenye sanduku la kura, ambako uamuzi juu ya pasipoti yake unaweza kubanwa. Sheria zilizomfungia ziliandikwa na watu waliokaa kwenye viti, kwa tarehe zinazojulikana, na nyingine kati ya hizo zilikwishafutwa na watu wengine waliokalia viti hivyo hivyo. Hizo ndizo za kulumbana nazo. Faili lake halikuwa na kosa.